Kibarua aliyekatwa vidole na mashine ya shamba: ana haki gani, na aanzie wapi?

SWALI: Ndugu yangu ana miaka 26. Kwa karibu miaka miwili alikuwa kibarua kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Trans Nzoia, kwa shilingi 400 kwa siku, siku sita kwa wiki, na chumba cha kulala hapo hapo shambani. Barua ya kuajiriwa hajawahi kupewa. Sasa ni mwezi wa tisa tangu mashine ya kukatia nyasi ya ng'ombe ivute mkono wake wa kulia. Alipoteza vidole viwili na pingili moja ya cha tatu. Mwenye shamba alilipa bili ya hospitali, akampa elfu ishirini na karatasi ya kusema hana dai lingine. Alitia sahihi. Nyapara anasema kosa ni la ndugu yangu, kwani aliingiza mkono kuchomoa mabua yaliyokwama bila kuzima injini. Kuna wakili anayetaka tumpe makaratasi yote afungue kesi kortini, naye achukue theluthi. Je, kuna haki yoyote iliyobaki? Tumpe wakili kazi hiyo?

JIBU: Dada, pole sana, na unifikishie pole kwa ndugu yako. Haki anayo, na ni kubwa kuliko elfu ishirini. Ila kortini msiende kwanza, na msikawie, maana sheria inataka dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Ikiwa mwezi wa tisa umeingia, mmebakiwa na muda mfupi, na wakili anayewapeleka mlango usio wake anaweza kuumaliza wote.

Nianze na huo mlango. Nchini Kenya majeraha ya kazini yanasimamiwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wengi huiita WIBA. Kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake moja kwa moja kwa ajili ya jeraha la kazini. Dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia maafisa wa idara yake, DOSHS, walioko katika kaunti. Yeye ndiye anayechunguza, anayekadiria na anayetoa uamuzi. Korti huingia baadaye, kwa rufaa.

Wakili wako huenda anazungumza kwa mazoea ya zamani. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu kadhaa, cha 16 kikiwemo. Kwa miaka mingi kesi za vidole, migongo na macho zikaendelea kufunguliwa kwa mahakimu kama kawaida, na ofisi nyingi za mawakili zilipata riziki hapo. Mahakama ya Rufaa ikaigeuza sehemu kubwa ya uamuzi huo Novemba 2017, kisha Mahakama ya Upeo ikafunga mjadala tarehe 3 Desemba 2019: kifungu cha 16 ni halali. Mwaka 2023 Jaji Mkuu alitoa mwongozo kwamba kesi zilizokuwa zimefunguliwa kabla ya tarehe hiyo zimalizikie huko huko kwa mahakimu. Ya ndugu yako haimo katika kundi hilo. Ikifunguliwa leo kwa hakimu, mwajiri atasimama aseme korti haina mamlaka, na atakuwa sahihi. Wakati hilo linaamuliwa, miezi 12 itakuwa imepita. Nimeona familia zikipoteza dai safi kabisa kwa njia hii, na hakuna aliyewarudishia ada.

Hata nje ya nchi mlango ni huo huo. Wachuma chai wa Kericho walioishtaki kampuni yao huko Scotland kwa maumivu ya mgongo walielezwa na mahakama ya rufaa ya huko, mwaka 2023, kwamba kesi yao isimame kwanza hadi madai yao chini ya WIBA yaamuliwe Kenya.

Sasa hoja ya nyapara. Najua inawaumiza, kwa sababu ndugu yako mwenyewe huenda usiku anajiambia angezima injini. Katika kesi za zamani za uzembe hoja hiyo ilikuwa na uzito: hakimu angeweza kusema kosa la mfanyakazi ni asilimia 50 na kukata fidia nusu. Chini ya WIBA habari za nani mzembe haziulizwi hivyo. Mwajiri anawajibika kulipa kwa sababu mtu ameumia kazini, basi. Anayenyimwa fidia ni yule aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi kabisa, na hata huyo hanyimwi ikiwa ajali imemletea ulemavu mkubwa au kifo. Kuchomoa mabua yaliyokwama ili ng'ombe wapate kula si utovu wa makusudi.

Ningependa hata kumuuliza nyapara: mashine ilikuwa na kinga mdomoni? Kulikuwa na kifaa cha kusukumia majani badala ya mkono? Nani alimfundisha ndugu yako kuitumia? Mashine hizi zimeenea kila boma lenye ng'ombe watano, nyingi zimechomelewa na fundi wa mtaani, zikafungwa injini ya petroli na kuanza kazi bila kinga yoyote. Sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007, ya usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri azikinge sehemu hatari za mashine. Majibu ya maswali haya hayabadilishi haki ya fidia, lakini yaandikeni kwenye maelezo. Afisa akija kukagua shamba, kuna vidole vya watu wengine hapo.

Tuje kwenye neno "kibarua", ambalo waajiri hulitumia kama vile lina nguvu ya kufuta sheria. WIBA inamlinda mtu yeyote aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, na mkataba si lazima uwe karatasi. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kawaida. Ndugu yako ana karibu miaka miwili. Na mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi kesi inapofika mbele ya korti, sheria hiyo hiyo inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya ajira.

Hata hivyo usitegemee mzigo wa mwenzako. Kazi yenu kubwa kwa wiki hii ni ushahidi, na mara nyingi upo mfukoni bila mtu kujua. Kama alilipwa kwa M-Pesa, aombe taarifa ya miamala ya miaka miwili. Jina la mwenye shamba au la nyapara likijirudia kila Jumamosi, hiyo ni ajira. Kama alilipwa taslimu, kuna daftari la mahudhurio ambalo nyapara huweka alama kila asubuhi. Mwenzake anayeaminika apige picha kurasa zenye jina lake kabla halijapotea. Chumba alicholala ni ushahidi. Dereva wa gari la maziwa aliyekuwa akimkuta kila alfajiri ni shahidi. Wenzake wawili waandike walichoona, watie sahihi, waweke nambari za vitambulisho.

Lakini karatasi moja inazizidi zote: ile ya hospitali. Nendeni pale alipotibiwa siku ya kwanza mkaombe muhtasari wa matibabu na mtazame umeandikwa nini kuhusu chanzo. Ukisoma "alikatwa na mashine akiwa kazini shambani", mko vizuri. Mara nyingine aliyempeleka mgonjwa ni nyapara, na yeye ndiye aliyemweleza karani kilichotokea. Hapo utakuta "aliumia nyumbani". Ikiwa ndivyo, usijaribu kufuta wala kubembeleza mtu abadilishe. Mwambie afisa wa DOSHS mapema, na uwe na wale mashahidi.

Karatasi aliyotia sahihi isiwatishe. Haki ya fidia chini ya WIBA si kitu ambacho mfanyakazi anaweza kukiuza au kukiachilia kwa makubaliano ya faragha na mwajiri. Sheria haiyapi nguvu makubaliano ya namna hiyo. Mtu aliyetoka wodini na bandeji, hana kazi, anapewa kalamu na noti kwa pamoja: maafisa wanaijua hadithi hii. Msiifiche karatasi hiyo, wala elfu ishirini. Zitajeni. Huenda mwajiri akataka kiasi hicho kihesabiwe kama malipo ya siku alizokuwa hawezi kufanya kazi, na hilo linaweza kuzungumzwa. Hata bili ya hospitali si hisani: gharama za matibabu yaliyotokana na ajali, pamoja na dawa, usafiri na hata kiungo cha bandia pale kinapohitajika, ni za mwajiri kisheria. Kama ndugu yako amelipa mwenyewe nauli na dawa za kusafisha kidonda baada ya kutoka hospitali, tafuteni risiti hizo pia.

Fidia yenyewe ni kiasi gani? Ina mafungu mawili. La kwanza ni la kipindi alichokuwa hawezi kazi kabisa: anastahili malipo sawa na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12, mradi alikaa nje ya kazi siku tatu au zaidi. La pili, lenye uzito, ni la ulemavu wa kudumu. Hapo sheria inachukua mapato ya miezi 96 na kuyazidisha kwa asilimia ya ulemavu, kufuatana na jedwali lililomo ndani ya sheria, ambalo linataja viungo na hata pingili za vidole. Kidole gumba hakilingani na kidole cha mwisho, na pingili moja hailingani na tatu. Ndiyo maana daktari anapojaza fomu anapaswa kueleza kila kidole kimekatwa kwenye pingili ipi, na kama vilivyobaki vinakunjika. "Majeraha ya vidole" peke yake humkosesha mtu pesa.

Tupige hesabu kwa mfano, bila kumtabiria daktari. Shilingi 400 kwa siku 26 ni 10,400 kwa mwezi. Mara 96 ni 998,400. Akikadiriwa asilimia 20, fidia ni 199,680. Akikadiriwa asilimia 30, ni 299,520. Kama alikaa miezi mitatu bila kuweza kazi, ongeza 31,200. Sasa zitazame zile elfu ishirini tena. Mpeni afisa pia habari za chumba, na za maziwa kama alikuwa akipewa, muombe avizingatie katika kukokotoa mapato, kwa sababu kila shilingi inayoingia kwenye mwezi huzidishwa mara 96 kabla ya asilimia.

Nitasema wazi ninavyoiona hesabu hii: ni ya haraka kuliko ile ya kortini, lakini ni bahili kwa maskini. Maumivu hayamo. Aibu ya kusalimiana kwa mkono wa kushoto haimo. Na bei ya kidole inafuata mshahara. Mhasibu wa shamba hilo hilo anayelipwa 104,000 akipoteza vidole vile vile, asilimia ile ile, atapata mara kumi ya ndugu yako kama hakuna ukomo uliowekwa na Waziri unaomgusa. Mhasibu anaweza kuandika kwa mkono mwingine; anayekamua ng'ombe anahitaji yote miwili. Ila hiyo ndiyo sheria iliyopo, na kuilalamikia hakusimamishi kalenda yenu.

Namna ya kwenda: ulizeni ofisi ya DOSHS ya kaunti, msipoiona, ofisi ya leba itawaelekeza. Mwajiri alitakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba tangu apate habari. Ulizeni kama aliripoti. Nina shaka kubwa. Asipokuwa ameripoti, ndugu yako aripoti mwenyewe, na kutoripoti kwa mwajiri hakumvunjii haki, kwani mwajiri alijua habari ya ajali tangu siku hiyo na ndiye aliyelipa hospitali. Kuna fomu inayoitwa DOSH/WIBA 1, yenye sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwenye shamba akikataa kujaza yake, msirudi nyumbani kukaa. Mwambieni afisa, maana ana mamlaka ya kufanya uchunguzi na kumtaka mwajiri aeleze. Baada ya makadirio, Mkurugenzi humpelekea mwajiri fomu ya kudai malipo, ile ya WIBA 4. Sheria inampa mwajiri au kampuni yake ya bima siku 90 tangu dai liwasilishwe.

Nimetaja bima. Kila mwajiri analazimika kuwa na bima ya majeraha ya wafanyakazi wake, na kutokuwa nayo ni kosa. Mashamba makubwa ya chai na maua kwa kawaida huwa nayo. Mashamba ya familia mara nyingi hayana, na mwenye shamba huogopa kwa sababu anajua atalipa kutoka mfukoni. Hofu hiyo inaeleza ile karatasi na kalamu. Haimwondolei deni.

Asilimia ikitoka ndogo kuliko mlivyotarajia, msipige kelele kwenye kaunta. Mna siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Mkurugenzi, na hapo ndipo ripoti ya daktari wa pili, hasa wa mifupa, inapofaa. Mkurugenzi hutakiwa kujibu ndani ya siku 14. Jibu lisiporidhisha, mna siku 30 kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwajiri naye ana haki hiyo hiyo, kwa hiyo msishangae akiitumia ili kuvuta muda.

Sehemu dhaifu ya mfumo huu ni mwajiri anayepokea WIBA 4 na kuiweka kwenye droo. Mkurugenzi hana mnada wa kuuza ng'ombe wa mtu. Mahakama ya Ajira imekubali katika kesi kadhaa kuigeuza tuzo ya Mkurugenzi kuwa amri inayotekelezeka, ingawa majaji hawakuanza wote wakiwa na mtazamo mmoja juu ya hilo. Hapa sasa ndipo wakili anapokuwa na kazi ya kweli, na hapa ndipo mngemtafuta. Kumpa theluthi kwa kujaza fomu ambayo afisa atawasaidia kuijaza ni kumpa mtu mwingine kidole kimoja cha ndugu yako. Na makaratasi ya asili msimwachie mtu yeyote, awe wakili au broka wa hospitalini anayejifanya wakili, toeni nakala. Kama ndugu yako alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, awaone kwanza, kwa sababu penye mkataba wa pamoja huenda kuna zaidi ya kinachotolewa na sheria.

Hujauliza, lakini nahisi lipo: bado analala kwenye chumba cha shamba, na mnaogopa kwamba siku barua ya serikali ikifika atatupiwa vitu nje. Kumfukuza mfanyakazi kwa sababu amewasilisha malalamiko, au kwa sababu ya ulemavu, si sababu halali chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira, na ni dai jingine tofauti na hili. Hilo halizuii mwenye shamba kukasirika. Ningewashauri muhamishe mapema vitu muhimu, kitambulisho na makaratasi hasa, vikae kwako, na msimpe mtu ugomvi wa bure.

Kwenye nafasi ya kueleza jinsi ajali ilivyotokea, andikeni kifupi na kwa mpangilio: tarehe na saa, jina la shamba na la aliyempa kazi asubuhi ile, alikuwa akikata majani ya ng'ombe wa mwajiri kwa mashine ya mwajiri, mabua yalikwama, alipojaribu kuyachomoa mashine ilivuta mkono wa kulia, mashine haikuwa na kinga, kama kweli haikuwa nayo, nani alikuwepo, alipelekwa hospitali gani na nani. Msiandike "kwa bahati mbaya sikuwa makini". Watu huiandika kwa unyenyekevu, kisha hunukuliwa. Toeni nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe mhuri wa tarehe ya kupokelewa mrudi nayo nyumbani. Mhuri huo ndio utakaoonyesha kwamba mliwahi.